Kufundisha teolojia Katoliki kwa darasa la dini mchanganyiko: fundisho lisilainishwe, lifundishwe pamoja na swali lake

MwalimuWaSumma (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo, ila mada yenyewe haikubali ufupi.

Nafundisha kozi ya utangulizi wa teolojia Katoliki ngazi ya chuo. Darasani kwangu Wakatoliki hawafiki nusu. Wapo Waislamu, wapo Waprotestanti wa madhehebu mbalimbali, Wahindu wachache, na kundi la wasiofuata dini yoyote ambalo linazidi kukua. Kozi ni ya lazima kwa wote. Walimu wapya wakija idarani huniuliza jambo moja: nifundisheje bila kuwakwaza hawa, na bila kulisaliti Kanisa?

Nauweka msimamo wangu mapema ili anayepinga ajue pa kuanzia. Fundisho lisilainishwe hata kidogo. Lifundishwe lote, lakini lifundishwe pamoja na swali lililolizaa. Fundisho likiondolewa swali lake linabaki amri, na amri ya Kanisa haimfungi Mwislamu wala asiyeamini, kwa hiyo hana sababu ya kuisikiliza. Swali ndilo linalomhusu kila aliyekaa darasani.

Siku ya kwanza kabisa naweka wazi tofauti ya katekesi na somo. Katekesi inamlea aliyeamini au anayetaka kuamini, akue katika imani hiyo. Somo linampa kila mwanafunzi ujuzi wa imani hiyo: inasema nini, inasimama juu ya nini, inamjibu nani. Sikulitunga mimi jambo hili. Idara ya Vatikano inayosimamia elimu Katoliki iliwaandikia marais wa Mabaraza ya Maaskofu tarehe 5 Mei 2009 na kueleza kwamba mambo hayo mawili ni tofauti ingawa yanakamilishana. Na nyuma ya barua hiyo iko sheria. Kanuni ya 748 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuipokea imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Yohane Paulo II, katika Ex Corde Ecclesiae ya mwaka 1990, hati inayohusu vyuo vikuu Katoliki, alitaka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu humo. Mwalimu anayelitumia darasa kutafuta waongofu anavunja taratibu za Kanisa lake mwenyewe.

Lakini kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la upande wa pili. Mwalimu anaogopa, anaanza kupunguza. Utatu anaupitia kwa nusu saa. Ekaristi inakuwa "mlo wa ushirika". Kozi nzima inaishia kwenye "dini zote zinahimiza upendo na amani". Mwanafunzi Mwislamu anamaliza muhula bila kuelewa kwa nini Wakristo wanamwabudu Yesu, jambo ambalo pengine ndilo pekee alilotaka kulielewa tangu utotoni. Huo naona ni uonevu. Amelipa ada, amehudhuria, amefanya mtihani, na swali alilokuja nalo halikuguswa kwa sababu mwalimu aliamua kwa niaba yake kwamba hatalimudu.

Nitaendelea post inayofuata na mbinu yenyewe.

MwalimuWaSumma

Naendelea. Mbinu nimeichukua kwa Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13 aliyeandika Summa Theologiae, ndiyo maana najiita hivi humu.

Anayeifungua Summa Theologiae kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba kila kipengele kinaanza na hoja za wanaopinga. Thoma anazipanga kwanza, tena bila kuzidhoofisha, ndipo anasema "kinyume chake", kisha "najibu", na mwishoni anazirudia pingamizi moja baada ya nyingine. Chukua kipengele cha kama Mungu yuko. Pingamizi la kwanza ni uovu: kama kungekuwa na wema usio na mipaka, uovu usingekuwepo. La pili ni kwamba mambo yote tunayoyaona yanaweza kuelezwa kwa maumbile na kwa utashi wa binadamu, hivyo hakuna haja ya Mungu. Hizo ni hoja za karne ya 13, zimeandikwa na mtakatifu. Mwanafunzi asiyeamini, ambaye aliingia amekunja mikono, anakuta hoja zake mbili kubwa zimetangulia mezani kabla hajafungua mdomo. Kuanzia hapo anakaa sawa na kusoma.

Kuna jingine. Mwanzoni mwa Summa contra Gentiles Thoma anasema kwamba na Myahudi mtu anaweza kujadiliana kwa kutumia Agano la Kale, na Mkristo mzushi kwa Agano Jipya, lakini kwa Mwislamu au mpagani, ambaye hayapokei maandiko hayo, inabidi kurudi kwenye akili ya asili ambayo wote wanalazimika kuikubali. Akaipanga kazi yake hivyohivyo: vitabu vitatu vya kwanza ni vya yale ambayo akili inaweza kuyafikia, cha nne ndicho cha Utatu, Umwilisho (Mungu kufanyika mtu) na sakramenti. Mpangilio huo unafaa kuwa mtaala hadi leo.

Na hakujifunza kwa Wakristo peke yao. Tofauti anayoiweka kati ya kile kitu kilicho na kule kuwapo kwake ina deni kubwa kwa mwanafalsafa Mwislamu Ibn Sina. Mwislamu mwingine, Ibn Rushd, Thoma anamwita "Mfafanuzi" tu, yaani wa Aristotle, kana kwamba hakuna mwingine. Maimonides, mwanafalsafa Myahudi, Thoma anamtaja mara kwa mara na kubishana naye kwa heshima juu ya kama tunaweza kusema lolote chanya kuhusu Mungu. Darasa linapoona kwamba mwalimu mkuu wa Kanisa alikaa chini ya Mwislamu na Myahudi akajifunza, mazungumzo yanabadilika bila mimi kuhubiri lolote kuhusu mazungumzo ya dini.

Ukali wa Thoma pia siufichi. Sura ya 6 ya kitabu cha kwanza cha contra Gentiles ina maneno makali dhidi ya Mtume Muhammad. Wanafunzi Waislamu nawaambia kabla hawajaikuta wenyewe maktaba, na tunaisoma. Wakigundua kwamba nimewachagulia kurasa nzuri tu, hawataniamini tena katika lolote.

KengeleYaSaaSita

Mkuu, uzi mzuri, lakini mimi kama mzazi Mkatoliki naogopa. Vijana wetu wengi imani yao bado changa. Ukiwapangia pingamizi zote mezani na kuwaweka mbele ya Waislamu waliokomaa kwenye hoja, si utawamaliza? Chuo Katoliki si kingewajenga kwanza?

MwalimuWaSumma

Hofu yako naielewa na siipuuzi. Ila ninachokiona darasani ni kwamba kijana Mkatoliki hamalizwi na pingamizi. Anamalizwa na kugundua, mbele za watu, kwamba hakuwahi kuijua imani anayoitetea.

Nikiuliza maana ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Wakatoliki wengi darasani wanajibu kwamba ni Yesu kutungwa mimba bila baba. Sivyo. Fundisho linamhusu Maria mwenyewe, kutungwa kwake tumboni mwa mama yake bila doa la dhambi ya asili, na Papa Pio IX alilitangaza tarehe 8 Desemba 1854. Nikiuliza juu ya Papa kutokosea, wanadhani kila asemalo Papa halina kosa, kisha wanalitetea jambo ambalo Kanisa halikulisema. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870 uliweka masharti mazito: Papa awe anasema kama mchungaji wa Wakristo wote, juu ya imani au maadili, akiwa analifunga Kanisa zima. Tangu mwaka huo tamko lililo wazi la namna hiyo ni moja, la Pio XII kuhusu Maria kupalizwa mbinguni, tarehe 1 Novemba 1950.

Mara kadhaa aliyewasahihisha Wakatoliki kwenye hayo alikuwa mwanafunzi Mwislamu aliyesoma andiko nililotoa, wakati wao waliona hawana haja ya kulisoma kwa kuwa "hilo tunalijua". Wengi wao baada ya hapo ndio wanaokuja ofisini kuazima vitabu. Kwa hiyo kwangu darasa mchanganyiko halimwondolei kijana wako kitu. Linamlazimisha kuuliza kile ambacho katika darasa la Wakatoliki watupu kila mtu angejifanya anakijua.

Mkaapembeni

Salaam kwenu. Mimi ni Mwislamu na niliwahi kusoma kozi kama hii kwenye chuo kimoja. Niseme ukweli, nilijifunza mengi, ila kuna kitu kiliniumiza. Kila mada mhadhiri alikuwa ananigeukia: "Dada, Waislamu wanasemaje hapa?" Mimi nilikuwa nasoma uhasibu, si mwanachuoni wa dini. Nikikosea naonekana nimeuangusha Uislamu wote, nikinyamaza naonekana sina hoja. Mleta uzi, hilo unalitatuaje?

Na la pili. Siku ya Utatu tulipita juujuu sana. Niliondoka na swali langu la Qul huwa Llahu ahad (Sema: Yeye ni Mungu mmoja) vilevile nilivyoingia nalo.

MwalimuWaSumma

Dada Mkaapembeni, wa alaykum salaam. Pole sana kwa hilo la kwanza. Kwangu ni mwiko. Hakuna mwanafunzi anayegeuzwa msemaji wa dini yake. Kama tunahitaji kujua Uislamu unasema nini tunafungua maandishi: aya yenyewe, au wanazuoni kama al-Ghazali na Ibn Rushd. Mwenye hiari ya kuzungumza ananyoosha mkono, na anazungumza kwa nafsi yake tu.

La pili nitalijibu kwa kirefu maana hapo ndipo kozi inaposimama au inapoanguka.

Kijana mmoja, mtulivu, wa mstari wa nyuma, alisimama siku hiyo akasoma Surat al-Ikhlas yote kwa Kiarabu, taratibu, kisha akaifasiri: hakuzaa wala hakuzaliwa. Akauliza, "Hapa Kanisa linajibu nini?" Wakatoliki wakaangalia madaftari yao.

Nilichofanya ni kuandika ubaoni maneno ya Mtaguso wa Nne wa Laterano, wa mwaka 1215. Mtaguso ulikuwa unamtetea mwanateolojia Petro Lombardo dhidi ya tuhuma za abate Yoakimu wa Fiore, na ukasema juu ya ule uhalisi mmoja wa Kimungu kwamba hauzai, hauzaliwi, wala hautoki kwa mwingine. Nikaacha yakae pale. Yule kijana akasoma mara mbili akauliza, "Haya ni maneno ya Kanisa?" Nikamwambia ndiyo, ya mtaguso mkuu, na yanawafunga Wakatoliki wote.

Hapo kuna kishawishi kikubwa cha kusema "mnaona, tunafanana" na kufunga kipindi. Sikufunga. Sentensi ile inaendelea: bali ni Baba anayezaa, Mwana anayezaliwa, na Roho Mtakatifu anayetoka. Kanisa linakana kwamba Uungu umezaa Uungu mwingine, na wakati huohuo linakiri kwamba ndani ya Mungu mmoja kuna mahusiano ya milele, Baba na Mwana na Roho, na kila mmoja ni Mungu huyohuyo mzima. Mwislamu hakubali hilo la pili, na hatakiwi kujifanya anakubali. Lakini sasa tofauti yetu imewekwa mahali pake. Haiko tena kwenye idadi ya miungu, kwa sababu Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 253, inasema wazi kwamba hatukiri miungu watatu. Wala haiko kwenye Mungu kuwa na mke, jambo ambalo aya ya 101 ya Surat al-An'am inalikana na ambalo Mkatoliki naye analikana kwa nguvu zote. Tofauti iko hapa: je, Mungu aliye mmoja kabisa anaweza kuwa na uhusiano ndani yake bila kugawanyika?

Na swali hilo si la Wakristo peke yao. Wanateolojia wa Kiislamu wa karne za mwanzo walibishana kuhusu sifa za Mungu. Elimu yake na uwezo wake, je, ni dhati yake yenyewe au ni kitu zaidi? Shule ya Mu'tazila ilihofia kwamba ukizipa sifa uwepo wake utakuwa umeweka wa milele wengi pamoja na Mungu. Shule ya Ash'ari ikasema sifa hizo si Yeye wala si kingine kisicho Yeye. Kisha njoo kwenye Neno. Mwaka 325, kwenye mtaguso wa Nisea, maaskofu walikuwa wanamjibu padre Ario, aliyefundisha kwamba kulikuwako wakati Mwana hakuwako, yaani Neno limeumbwa. Miaka mia tano baadaye, mwaka 833, khalifa al-Ma'mun alianza kuwatesa wanazuoni waliokataa kusema kwamba Kurani imeumbwa, na Ahmad ibn Hanbal akakaa gerezani kwa sababu hiyo. Jumuiya mbili, vitabu viwili, swali moja lililowagharimu watu uhai na uhuru: Neno la Mungu ni la milele au limeumbwa?

Majibu hayafanani. Kwa Mkristo Neno alifanyika mwili, na kwa Mwislamu kauli hiyo haipokeleki. Nalisema hilo kwa sauti. Lakini wanafunzi Waislamu baada ya hapo hawaioni tena Nisea kama mkutano wa watu walioamua kumfanya binadamu kuwa mungu. Wanaiona kama mabishano wanayoyafahamu kutoka nyumbani kwao. Na Wakatoliki, ambao Jumapili hutamka "aliyezaliwa bila kuumbwa" pasipo kufikiri, kwa mara ya kwanza wanasikia kwamba maneno hayo yalikuwa jibu.

Mkaapembeni

Mwalimu, hiyo ya Laterano sikuwahi kuisikia popote. Nimeinakili nikaisome vizuri. Shukrani.

Naomba niulize na lile ambalo darasani kwetu hakuna aliyethubutu. Kwa mujibu wa Kanisa, sisi tusio Wakatoliki mwisho wetu ni motoni?

MlokoleMsomi

Na mimi nasubiri jibu la hilo. Pia jamani, mbona mnawapeleka vijana wetu kwenye mambo ya Maria Mama wa Mungu? Biblia yetu ina vitabu 66, yenu 73. Darasani mnatumia ipi? Isije kozi ikawa ya kutufundisha ibada zisizo za kibiblia.

MwalimuWaSumma

Ndugu MlokoleMsomi, nianze na wewe maana jibu ni fupi. Biblia tunatumia zote mbili, na wiki moja tunajifunza kwa nini orodha zinatofautiana, hadi tamko la Mtaguso wa Trento mwaka 1546. Mama wa Mungu ni jibu la Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, na swali halikuwa "Maria ana ukuu gani". Lilikuwa "aliyezaliwa na Maria ni nani?" Nestorio, askofu mkuu wa Konstantinopoli, aliona bora aitwe Mama wa Kristo. Wapinzani wake wakasema ukitenganisha hivyo utapata Kristo wawili. Martin Luther mwenyewe aliikubali sifa hiyo. Kwa hiyo unaweza kuikataa Rozari yote na bado ukahitaji kuwa na jibu la swali la Efeso. Kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, tunasoma Tamko la Pamoja ambalo Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Wanafunzi wa pande zote hushtuka kuona mambo mangapi wamekubaliana, na mangapi bado.

Sasa la moto. Dada, ulivyouliza ndivyo linavyotakiwa kuulizwa, na mwalimu akilikwepa wanafunzi watajijibu wenyewe kwa mabaya zaidi. Mimi naweka maandishi yote mezani kwa mpangilio wa miaka.

Siprian wa Karthago, karne ya 3, ndiye anayehusishwa na kauli kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, na aliokuwa akigombana nao walikuwa Wakristo waliojitenga. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1442, ulikwenda mbali zaidi: ukasema wapagani, Wayahudi, wazushi na waliofarakana wataingia moto wa milele wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa. Nasoma sentensi hiyo yote darasani, bila kuikata. Pio IX katika karne ya 19 akafundisha kwamba asiyeijua imani ya kweli pasipo kosa lake hahesabiwi hatia mbele za Mungu kwa kutojua huko. Mwaka 1949 padre wa Marekani, Leonard Feeney, alipoing'ang'ania kauli ile ya zamani kwa ukali wake wote, Roma iliandika barua ya kuisahihisha tafsiri yake, na mwaka 1953 akatengwa na Kanisa kwa kukataa kutii. Kisha Lumen Gentium, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, namba 16: wasioijua Injili bila kosa lao, wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujaribu kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuupata wokovu. Waislamu wanatajwa hapohapo kama wanaomwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye huruma. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Oktoba 1965, Nostra Aetate, tamko la mtaguso huo kuhusu dini zisizo za Kikristo, ikapita kwa kura 2,221 dhidi ya 88.

Siishii hapo, ingawa hapo ndipo pangekuwa pazuri kuishia. Mwaka 2000 Roma ilitoa Dominus Iesus, inayosema kwamba wafuasi wa dini nyingine wanaweza kupokea neema ya Mungu, lakini hali yao ni ya upungufu mkubwa ikilinganishwa na ya walio ndani ya Kanisa. Inauma kuisoma mbele ya rafiki zako. Mwanafunzi Mhindu aliwahi kuniambia afadhali hiyo kuliko kuambiwa sote ni sawa, kwa sababu sasa anajua anaongea na nani.

Kwa hiyo jibu fupi, dada: hapana, Kanisa leo halifundishi kwamba mtu anapotea kwa sababu tu si Mkatoliki, na halifundishi pia kwamba njia zote ni moja. Linafundisha kwamba kila anayeokoka anaokolewa na Kristo, hata asipomjua. Mwislamu atalikataa hilo, na ana haki. Kazi ya nyumbani ninayotoa ni hii: weka Firenze na Lumen Gentium 16 pamoja, useme kama ni fundisho lilelile limekua, kwa maana aliyoieleza mwanateolojia Mwingereza John Henry Newman mwaka 1845, au ni fundisho limegeuka. Anayesema limegeuka akijenga hoja vizuri anapata alama zake zote.

Asiyefungamana

Mimi sina dini. Nina swali dogo tu la utaratibu. Kuna mahali wanafunzi hutakiwa kuhudhuria Misa kama sehemu ya kozi. Hilo si kulazimisha ibada?

MwalimuWaSumma

Ikiwa ni lazima na ina alama, naona ni kulazimisha. Kwangu ni hiari, na asiyependa anapewa kazi nyingine yenye uzito uleule, kwa mfano kuchambua Sala ya Ekaristi kutoka kwenye maandishi. Wanaokwenda nawaambia mapema kwamba wao ni watazamaji, na kwamba Komunyo ni kwa Wakatoliki, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa kwenye kanuni ya 844. Nalisema darasani, siku kadhaa kabla. Kumwacha mgeni apange foleni kwa nia njema halafu arudishwe mbele ya altare ni kumdhalilisha, na aibu hiyo haitoki.

MwalimuMpya

Shikamoo mwalimu. Muhula ujao nimepangiwa kozi hii kwa mara ya kwanza na natetemeka. Kinachonisumbua zaidi ni mtihani. Nitasahihishaje kwa haki wakati mmoja anaamini na mwingine haamini? Na nianzie wapi, wiki ya kwanza?

MwalimuWaSumma

Marahaba. Karibu sana kwenye kazi hii.

Swali la mtihani ninalolitumia, ulichukue kama lilivyo: "Eleza fundisho la Mtaguso wa Trento (1551) kuhusu Ekaristi kwa namna ambayo Mkatoliki aliyesoma angekiri kuwa ndilo analoliamini. Kisha toa pingamizi lenye nguvu kuliko yote unayoyajua, na uonyeshe Mkatoliki huyo angelijibuje. Huombwi kusema wewe unaamini nini."

Sentensi ya mwisho usiisahau, maana bila hiyo nusu ya karatasi zitajaa ushuhuda. Mkatoliki anayeeleza kwa kurasa mbili jinsi alivyoguswa siku ya Komunyo ya Kwanza, bila kutofautisha kile ambacho mkate umegeuka kuwa na maumbo yanayobaki kuonekana, hapati alama ya sehemu ya kwanza. Mlokole anayeandika kwamba Wakatoliki "wanamla Yesu kama nyama" naye hapati, kwa sababu hakuna Mkatoliki aliyesoma angekiri hilo. Anayeleta "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu" kama pingamizi, akamjibia Mkatoliki kwa Yohane sura ya 6, na akaonyesha jinsi Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, angeisoma sura hiyohiyo kwa namna nyingine, mpe alama za juu hata kama unahisi yeye binafsi haamini neno. Ficha majina unaposahihisha kama chuo kinaruhusu. Majina yetu yanataja dini kabla mtu hajasoma mstari wa kwanza.

Wiki ya kwanza usianze na Utatu, wala na Papa. Anza na kile kipengele cha Thoma cha kama Mungu yuko, kisomwe kwa sauti, pingamizi kwanza. Wiki ya pili nenda kwenye lugha: tunaweza kusema nini juu ya Mungu asiyefanana na chochote? Maimonides upande mmoja, Thoma upande mwingine, na tena Laterano ya 1215, iliposema kwamba hakuna ufanano wowote kati ya Muumba na kiumbe usiozidiwa na tofauti iliyopo kati yao. Wahindu na Waislamu huchangia sana hapo. Baada ya hayo njoo kwenye Neno, Ario na Nisea, ndipo Utatu. Ukiupeleka Utatu kabla ya hapo, utakuwa unawapa jibu watu ambao bado hawajapewa swali, na utaona kwenye nyuso zao.

Umwilisho utakapofika, Mhindu atauliza kuhusu avatara, yaani mungu kushuka duniani kwa umbo la kiumbe. Mwache aeleze mwenyewe kama amenyoosha mkono, kisha lipe darasa maneno manne ya Mtaguso wa Kalkedoni, mwaka 451, kuhusu Umungu na ubinadamu wa Kristo: bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutengana. Waulize ni lipi kati ya hayo ambalo avatara lisingelihitaji. Kipindi kitaisha kabla hawajamaliza, kwa hiyo usipange kitu kingine siku hiyo.

Niandikie PM nikutumie orodha ya maandishi ninayotumia. Na wengine mnaofundisha kozi hizi, wekeni maswali yenu ya mtihani hapa, hata yale ambayo hayakufanya kazi.